Wanavajo na siri za redio: waliheshimiwa au walitumiwa?

Mleta mada: Wadau, hili linanikera. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha Marines cha Marekani kiliwachukua vijana 29 wa Kinavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, watunge mafumbo ya redio ambayo Wajapani wasingeyafumbua. Baadaye waliongezeka hadi karibu 400. Sasa mmoja wa wale 29, Chester Nez, alisoma shule ya bweni ya serikali ambako mtoto akiteleza tu kusema Kinavajo, anaoshwa mdomo kwa sabuni. Ulimi ule ule! Vita vilipokwisha wakaamriwa wafunge vinywa. Siri ilifunguliwa 1968, medali za dhahabu zikaja 2001, wakati huo kati ya wale 29 wamebaki hai watano. Arizona na New Mexico ziliwanyima kura hadi 1948. Walitumiwa, basi.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, unawasemea. Walijiunga kwa hiari, wengine hata umri walidanganya ili wachukuliwe. Na mafumbo waliyatunga wao: nyambizi ni samaki wa chuma, kifaru ni kobe, bomu ni yai, ndege ya kudondosha mabomu ni tumbusi. Marekani yenyewe waliiita Mama Yetu. Anayetumiwa tu huita hivyo? Kwenye mapigano ya kisiwa cha Japani cha Iwo Jima, 1945, sita kati yao walipitisha ujumbe zaidi ya 800 bila kosa hata moja.

Mchangiaji wa pili: Naongeza kidogo, maana watu husema "lugha iliwashinda Wajapani". Joe Kieyoomia alikuwa Mnavajo, askari asiyefundishwa mafumbo yale, akatekwa Ufilipino. Wajapani walimtesa awafasirie. Alisikia maneno ya nyumbani, lakini hakuambulia kitu. Kujua Kinavajo hakukutosha. Sifa ni ya waliokaa chini wakafikiri.

Mleta mada: Hilo la Kieyoomia nalipokea. Mama Yetu pia imenigusa, ila naisoma tofauti: mwaka 1864 babu zao waliswagwa na jeshi la Marekani kwa miguu hadi Bosque Redondo, kambi ya kuwazuilia huko New Mexico, wakarudi kwenye ardhi yao 1868. Mama wanayemtaja ni ardhi ile, si serikali ya Washington. Kuhusu shule za bweni, Rais Biden aliomba radhi Oktoba 2024. Nez, wa mwisho kati ya wale 29, alikuwa amefariki 2014.