MJADALA: Sayansi kwa Kiingereza toka darasa la tano, tunawasaidia watoto au tunawapoteza?

Mpemba wa Wawi: Asalam aleykum wadau, tulijadili hili bila jazba. Ile sera ya elimu ya 2006 hapa kwetu Zanzibar iliweka sayansi na hesabu kwa Kiingereza kuanzia la tano, wenzetu Bara skuli za serikali wanakwenda na Kiswahili mpaka wamalize msingi. Mie nasema tunawapoteza.

Juzi binti yangu yuko jikoni anakariri evaporesheni na kondensesheni, yaani maji kugeuka mvuke na mvuke kurudi maji, Kiingereza kimenyooka hata nukta haachi. Mama yake akafunua sufuria ya wali, mfuniko unachuruzika maji. Nikamuuliza haya maji yametoka wapi? Kaniangaliaaa, kisha akasema "baba hiyo hatujasoma". Nilicheka halafu nikanyamaza.

Na sie sayansi iko mlangoni, pale kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mvuke unapitishwa kwenye makonyo unabeba mafuta, ukipozwa unarudi kuwa maji, na mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji basi yanazama chini, si kama ya nazi yanayoelea. Mtoto anaisikia harufu yake kila siku akipita, lakini hakuna anayemwambia kuwa mle kiwandani ndo kuna kondensesheni yenyewe.

Bi Mtoni: Kaka sikubaliani na wewe. Sekondari ni Kiingereza, tena mtihani wa kidato cha nne huo hauna huruma. Wenye pesa watoto wao wako nasari za Kiingereza toka miaka mitatu, sie wa skuli za serikali tukibaki na Kiswahili si ndo tutaachwa kabisa? Hao wa Bara unaowasifu waulize fomu wani wanavyobabaika.

Ticha wa Pwani: Nyie mnabishana mie nipo darasani, watoto sabini. Ubaoni tunaandika Kiingereza, mdomoni tunaeleza Kiswahili, maana hata sie walimu wengine Kiingereza chenyewe cha kuungaunga tusidanganyane. Kwa hiyo mtoto ananukuu asichokielewa na anachokielewa hakiandiki popote.

Mwaka juzi niliwapeleka pwani siku ya bamvu, maji yamekupwa mpaka kule, nikauliza kwa nini leo yamekwenda mbali hivi? Wakabishana weee mpaka kijana mmoja, babu yake mvuvi, akasema ni mwezi, bamvu linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati hapo ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Sikuongeza neno. Huyo huyo mtihani wa sayansi kapata 18 kwa mia.

Mpemba wa Wawi: Bi Mtoni hofu yako naielewa, ila Kiingereza kina kipindi chake, si kifundishwe vizuri humo. Ticha, huyo kijana alikosa maswali gani?

Ticha wa Pwani: Mengi. Moja lilikuwa eleza sababu ya maji kujaa na kupwa. Kaacha peupe.