Tupeane uzoefu: umemrahisishiaje mzee wako rimoti ya TV?

Mjukuu wa Muheza

Wakuu habari za jioni. Nina bibi yangu yuko Muheza, miaka 81, macho ya mbali mazima ila ya karibu ndo shida, na kila siku ikikaribia saa mbili usiku simu yangu inaita. "Mjukuu wangu, imeandika tena." Nikisikia imeandika najua ni lile neno la No Signal, yaani kabonyeza batani ya Source akidhani anaongeza sauti, TV imehama HDMI (tundu ulipochomekwa waya wa king'amuzi) imeenda AV, tundu jingine lisilo na kitu, huku king'amuzi kinaendelea kama kawaida, na taarifa ya habari ndo inampita hivyo.

Zamani alikuwa na TV ya chogo, anabonyeza pale chini kwenye kioo basi. Analojia ilipozimwa (Dar ilikuwa 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata) ndo akaanza maisha ya rimoti mbili, moja ya TV moja ya king'amuzi. Juzi nilikaa nikahesabu batani za zote mbili, 87, na anazozihitaji yeye hazifiki sita.

Kinachoniuma ni kwamba huyu mama aliendesha genge miaka thelathini na hesabu zote kichwani, leo anakaa sebuleni kwake mwenyewe anasubiri mtoto wa jirani atoke shule ndo amwekee chaneli. Waliofanikiwa kwa wazee wao naomba mseme mlifanyaje.

Wa Likoni

Babangu alikuwa hivo hivo. Kosa langu la kwanza nilitaka kumfundisha. Nikamuandikia karatasi, hatua moja hadi saba, akashukuru vizuri kabisa kisha akaikunja akaiweka chini ya mto na ikaishia hapo. Nikaona wacha nimuache mzee nibadilishe rimoti.

Kwanza nilitoa ile nailoni, manake rimoti ilikuwa imekaa na nailoni yake tangu dukani ati isichafuke, na nailoni ikishaanza kujikunja na kuingia vumbi maandishi hayaonekani na batani inateleza. Halafu nikachukua plasta ya hospitali ile ya kitambaa, nikafunika rimoti yote nikaacha matundu manne: kuwasha, sauti juu, sauti chini na chaneli ya mbele. Seloteepu nilijaribu nikaacha, kwa joto letu la pwani gundi inatoka inakuwa inanata mkononi. Chini ya plasta weka kipande cha kadi ngumu, usipoweka kadi atakuwa bado anabonyeza zile za chini bila kujua. Hiyo nimeijua baada ya wiki mbili.

Dada wa zamu

Mi mama yangu mkono wa kulia unatetemeka, kwa hiyo shida yake haikuwa kuona. Nilikaa pembeni yake nikamwangalia bila kusema kitu, anataka chaneli namba 103, anabonyeza 1, anaitafuta 0 kwa kidole, akiipata king'amuzi kimeshachoka kusubiri kimempeleka chaneli ya 1. Anarudia. Mara ya tatu mkono ukatetemeka ikaingia 11. Akaweka rimoti chini akasema leo hakuna kitu cha maana. Nilisikia vibaya sana siku ile maana kumbe miezi yote akisema hataki TV alikuwa anaitaka.

Nilichofanya nimeachana kabisa na namba. Vingi vya hivi ving'amuzi vina orodha ya chaneli uzipendazo, nimemwekea saba tu, anapandisha na kushuka kwa batani moja, akipotea anaendelea kubonyeza anarudi alipoanza. Na rimoti nimeishonea mfuko wa kitenge wenye kamba nimefunga kwenye mkono wa kochi, haianguki na betri hazirukiruki.

Fundi Redio Moro

Nichangie kama fundi. Wazee wengi wanaoletewa rimoti mpya, ile ya zamani haijafa. Washa kamera ya simu (ya mbele ndo nzuri, ya nyuma kwenye simu nyingine ina kichujio kinachozuia mwanga wa rimoti), elekeza pua ya rimoti, bonyeza, ukiona kitaa kinawaka zambarau basi inatuma. Isipowaka fungua betri, mara nyingi utakuta zimetoa chumvi kwenye zile springi, futa na pamba yenye siki kidogo kisha kausha vizuri, weka betri mpya zote mbili na sio moja mpya moja ya zamani. Mzee rimoti ikianza kuishiwa chaji anadhani ni yeye hajui kubonyeza, anakandamiza mpaka raba ya ndani inakatika.

La pili, kwa mleta mada. Angalia rimoti ya king'amuzi cha bibi kama ina kisehemu chake kimeandikwa TV, batani nne tano hivi. Hizo nyingi zinajifunza. Shikilia ya kuwashia mpaka taa nyekundu iwake itulie, weka rimoti mbili pua kwa pua, bonyeza ya kuwashia kwenye rimoti ya TV, taa ikipepesa imeshika. Fanya hivyo hivyo kwa sauti. Ile ya TV ifunge kabatini, na Source nayo inakuwa imefungwa huko huko. TV ikiwa ya kisasa kidogo ingia settings utafute CEC, Samsung wanaiita Anynet+, LG ni Simplink, king'amuzi nacho kikiwa nayo basi kikiwaka kinawasha TV na kuivuta kwenye HDMI yake chenyewe.

Na kitu hiki hakikuanza kuwa kigumu. Mwaka 1956 Zenith wa Marekani walitoa rimoti yao ya Space Command, kulikuwa na ya batani nne tu na haikuwa na betri, ukibonyeza kinyundo kinagonga kifimbo cha alumini kinatoa mlio sikio halisikii ila TV inausikia. Nne zilitosha.

Bint Unguja wa Muscat

Fundi, nne zinatosha ila inategemea zinafanya nini. Mama mkwe tulimnunulia TV mpya rimoti yake ndogo ina batani chache mno, tukajua tumemaliza. Ikawa balaa zaidi, kwa sababu batani chache zile zinakupeleka kwenye menyu, na menyu ndani ina menyu, na kuna moja ya Netflix ipo pale pale anapoweka kidole gumba. Alikuwa anataka Qur'ani tu asubuhi.

Tumemrudishia kubwa la zamani, tukatia rangi ya kucha nyekundu tone moja nene kwenye ya kuwashia, ikikauka inabaki imeinuka anaipapasa hata gizani. Ya chaneli matone mawili. Ukitazama rimoti nyingi ile 5 ina kinukta juu yake, basi sisi tumeongeza vyetu. Alama ya kuona peke yake haitoshi jamani, mzee anashika rimoti huku macho yapo kwenye TV.

Mjukuu wa Muheza

Nimerudi. Jumamosi nilikuwa Muheza. Rimoti ya king'amuzi ilikuwa na hizo batani za TV, za miaka yote na sikuwahi kujua zinafanya nini, imeshika kuwasha na sauti kwa mara ya kwanza tu. Source iko kabatini. Rangi ya kucha nimeazima kwa binamu, bibi akaishika akapapasa akauliza hii ndo ya kuwashia, nikamwambia ndiyo, akazima akawasha akazima akawasha kama mara kumi hivi. Jumapili na jana simu ya saa mbili haijaita, leo nimepiga mimi.

Limebaki moja, batani nyingine nimezifunika kwa plasta kama alivyosema Wa Likoni, ila wajukuu wadogo wanaibandua kila wakija. Fundi, kuna namna ya kuziua hizo batani kwa ndani bila kuharibu rimoti?

Fundi Redio Moro

Ipo. Ifungue, toa ile raba, bandika kipande cha solotepu kwenye saketi chini ya kila batani usiyoitaka, rudishia. Siku ukizihitaji unabandua. Tuma picha ya nyuma nione kama ni ya skrubu au ya kubana.