Albamu ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi: karatasi za maua, manila au za kufungia zawadi?

Mwana_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Desemba hii wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto tumeamua kuwatengenezea albamu ya mkono, si ile ya kuchomeka picha kwenye nailoni, na kazi nimekabidhiwa mimi. Leo nimeshinda Kariakoo, nimerudi na mambo matatu kichwani:

1. Seti ya karatasi za michoro, inchi 12 kwa 12. Maua, mistari na vidoti, zote zimeshapangwa rangi zikubaliane.
2. Manila za rangi moja moja, nachagua mwenyewe.
3. Karatasi za kufungia zawadi. Bei yake nafuu sana, na maua yake yananipendeza kuliko ya kwenye seti.

Moyo uko kwenye namba 3. Jumamosi narudi kununua. Nishaurini, na rangi gani nichukue?

FundiPicha:
Mkuu, umetueleza karatasi zote ila picha zenyewe hujazisema. Ni ngapi? Za rangi au nyeusi na nyeupe? Kurasa za albamu zina ukubwa gani? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

MamaZuhura:
Na utabandika kwa gundi gani? Usitoe hata shilingi kabla hujajibu hilo.

Lulu_K:
Namba 2, sina mjadala. Nimetengeneza albamu tatu za familia na zote ni manila: rangi ya maziwa, bluu iliyoiva, na kijivu kidogo. Ukiweka maua makubwa, macho ya mtu yanakwenda kwenye maua kabla ya kumwona bibi harusi.

Mwana_Tanga:
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Picha ni kama 60. Tisa ni za harusi, nyeusi na nyeupe, zilipigwa studio kule Tanga 1985. Nyingine ni za rangi, za miaka ya 80 na 90, na nyingi zimegeuka nyekundunyekundu. Kurasa ni inchi 12 kwa 12. Gundi sikuifikiria, nyumbani ipo ile ya maji.

MamaZuhura:
Mwanangu, nilijua tu. Sasa nisikilize.

Miaka kadhaa nyuma tulimtengenezea mama yangu albamu hivyo hivyo. Karatasi ya zawadi yenye maua ya dhahabu, pembeni tukapamba kwa krepu nyekundu, gundi ya maji. Usiku tulipomaliza ilipendeza hadi dada yangu akalia. Asubuhi kurasa zimejikunja kama bati, maana karatasi ile ni nyepesi na gundi imepenya yote. Hilo tungelivumilia. Lakini krepu ikilowa inachuja rangi, na ilichuja juu ya picha ya marehemu mjomba. Amesimama na mama, amevaa kanzu nyeupe, na begani pameingia doa la waridi la ukubwa wa shilingi. Mimi kwa pupa nikachukua kitambaa kibichi nifute. Ngozi ya picha ikatoka na kitambaa, na bega nalo likaondoka.

Ilikuwa picha moja tu. Negativu hakuna, studio ilishafungwa. Mpaka leo mama akifika ukurasa ule huweka kiganja chake palepale begani, ndipo humtazama ndugu yake usoni.

Sasa wewe na gundi yako ya maji, hebu fikiri.

Mwana_Tanga:
Pole sana mama. Namba 3 nimeifuta.

FundiPicha:
Pole, mama. Naongezea mawili.

Kwanza, ule wekundu. Picha za rangi za zamani zina tabaka tatu za rangi, na kwa nyingi za miaka ile bluu-kijani ndiyo inayofifia mapema, ndiyo maana zinabaki nyekundu. Ukiziweka juu ya kijani kali, wekundu unazidi kuonekana. Kaki au rangi ya mchanga inazituliza.

Pili, tafuta karatasi iliyoandikwa kwamba haina asidi. Karatasi za bei rahisi hugeuka njano kama gazeti lililoachwa juani, na asidi yake huhamia kwenye picha. Hata manila, dada Lulu, si zote ni salama.

Lulu_K:
Zangu zina miaka sita, hazijageuka.

FundiPicha:
Miaka sita ni michache. Za wazazi wake zina arobaini.

Mvita_Chini:
Mimi niko Mombasa, nawasoma tu. Mbona hakuna aliyetaja leso, yaani khanga? Harusi ya kwetu haikosi leso ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Picha zile tisa hazina rangi, zitakubaliana nacho. Tumia kisutu cha mama.

MamaZuhura:
Akate kisutu cha mama yake? Astaghfirullah.

Mvita_Chini:
La, mama, hakiguswi na mkasi. Akipeleke dukani kiskaniwe, achapishe kwenye karatasi nzito. Tena akipunguze, kwani maua ya leso ni makubwa, yakiwa vilevile yataimeza picha.

Lulu_K:
Wazo zuri, ila pimeni. Karatasi ya A3 upana wake ni sentimita 29.7, ukurasa wa inchi 12 ni karibu 30.5. Itapungua milimita nane hivi. Chini lazima pawe na manila. Tumerudi kwangu.

FundiPicha:
Hapo nakubali. Na kila picha iwe na ukingo wa manila nyeupe wa milimita tano kabla haijakaa juu ya mchoro. Ukimaliza kupanga, usibandike. Rudi hatua tatu, finya macho. Ukiona karatasi kabla ya sura, badilisha. Mimi lakini ningeskani picha zote na kubandika nakala, za asili zibaki kwenye bahasha.

Mvita_Chini:
Nakala haina mwandiko wa baba nyuma. Mamangu hupenda kuigeuza picha asome. Aweke zile zenyewe, ashike kwa vipembe vya karatasi vya kuchomekea kona za picha, bila gundi kugusa picha.

FundiPicha:
Na mvuke wa pwani, na wadudu wanaokula karatasi? Asili zisitumike.

Mvita_Chini:
Picha ya kufungiwa kwenye bahasha haimfurahishi mtu, ndugu yangu.

Mwana_Tanga:
Wakuu, nimempigia mama nikajifanya nauliza habari za zamani. Kisutu anacho, kiko sandukuni. Nikamuuliza gauni lake la picha zile lilikuwa la rangi gani, maana sisi watoto tumelijua kijivu maisha yetu yote. Akasema rangi ya ganda la yai. Baba akadakia kutoka sebuleni: njano, njano ya ndimu iliyoiva, na kitambaa alikinunua yeye. Nimekata simu bado wanabishana. Nikipata manila za rangi hizo mbili nitaziweka zote pembeni ya picha kubwa ya harusi.

Lulu_K:
Usisahau kisu cha kukatia na rula ya chuma. Mkasi hautanyoosha inchi 12.

MamaZuhura:
Gundi bado hujasema.