Gari nimenunua Januari na saa hii ni gereji kila mara. Niuze ama niendelee kutengeneza?

MkaaziKinoo
Wadau habari zenu, naomba mnisaidie mawazo juu nimefika mwisho. Januari nilichukua mkopo wa sako nikanunua gari ya mkono wa pili kutoka kwa mtu binafsi, namba inaanza na KC, injini ya cc 1500, nikalipa 620,000. Nilinunua hasa kwa sababu ya mama, ana kliniki kila Alhamisi na magoti hayamruhusu kupanda matatu tena.

Wiki ya tatu tukirudi kutoka taun, tukipanda pale Uthiru, mshale wa joto ukaanza kwenda juu. Nikasimama kando, kufungua boneti maji yanatokota ndani ya ile chupa ya akiba kama sufuria ya githeri. Fundi akasema radieta imeziba, 16,000. Wiki mbili ikarudia, akasema ni pampu ya maji, 9,500. Tena ikarudia, sasa ni mota ya feni, 6,500, na kila mara leba 3,500. Hapo ni 42,500 na Alhamisi iliyopita mama alikaa kando ya Waiyaki Way karibu masaa mawili kwa jua, akaniambia tu "usijali mwanangu", ikaniuma sana. Aliyeniuzia hashiki simu. Niuze ama?

Shangazi_wa_Rongai
Pole sana, na umpe mama pole pia. Mimi yangu ilinitesa hivyo mwaka mzima nikauza kwa hasara, na siku hio nililala usingizi. Uza.

FundiGrogan
Asiuze kwanza. Ndugu, hapo hakuna mtu amepima kitu, wamekuwa wakibahatisha na pesa yako. Swali ni moja tu: maji yanaenda wapi? Kama hakuna tone chini ya gari asubuhi na bado unaongeza maji, basi yanaingia ndani ya injini ama yanatokea kwa egzosi.

Fanya hivi kesho asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa chini. Ukiona kitu kama uji wa maziwa, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Halafu tafuta gereji yenye kile kipimo cha maji ya buluu, kinawekwa juu ya mdomo wa radieta injini ikinguruma, gesi ya injini ikiwa inavuja kuingia kwa maji ile buluu inageuka manjano. Kipimo hiki kingefanywa kabla ya kununua hio radieta.

Na uulize kama walitoa thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Mafundi wengi hapa mjini wanaitoa na kuitupa, nakataa kabisa hio tabia, inaficha ugonjwa tu. Pia usiweke maji ya mfereji, weka kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, maji matupu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kinachozuia yasichemke mapema ni presha ya kifuniko cha radieta, kwa hivyo kikichoka unaona vile umeona. Kifuniko ni cha bei ndogo, anza na hicho.

Wakili_Mtaani
Kuhusu pesa yako: aliyekuuzia angekuwa ni yadi ya kuuza magari, sheria ya uuzaji wa bidhaa, Cap 31, ingekupa nguvu zaidi kuhusu ubora. Kwa mtu binafsi ni ngumu, lakini kama alikuandikia kwamba haijawahi kuchemsha na ukaweza kuonyesha alijua, hio ni kesi. Mahakama ya madai madogo inachukua madai mpaka milioni 1 na hulazimiki kuwa na wakili. Usifute meseji hata moja, na kila risiti ya fundi weka.

BabaWawili
Shangazi samahani lakini ukiuza bila kumwambia mnunuzi, mama wa mtu mwingine ndiye atakaa kwa hilo jua. Tengeneza ama uuze ukisema ukweli.

Shangazi_wa_Rongai
BabaWawili hapo umesema kweli. Mimi nilimwambia mnunuzi kila kitu, ndio maana ya hasara.

MkaaziKinoo
Asanteni sana, narudi na majibu. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa safi nikafurahi, lakini leo tumefanya kile kipimo na ndani ya dakika chache buluu ikawa manjano mbele ya macho yangu. Thamostati kweli haikuwepo. Kwa meseji za muuzaji nimepata ameandika "injini haina shida yoyote, haijawahi chemsha", nimezihifadhi mahali pawili.

FundiGrogan, nimeambiwa hedi itolewe ipelekwe kupimwa kama imepinda, ichongwe, gasketi mpya, thamostati na kulanti, jumla 38,000. Ni bei sawa ama?

FundiGrogan
Bei si mbaya. Lakini usilipe yote kabla hedi haijapimwa, ikiwa na ufa hesabu inabadilika. Na uwepo wakifungua.

MkaaziKinoo
Nitakuwepo saa mbili asubuhi. Alhamisi mama nimemtafutia teksi.