Mrejesho: Zile ekari sita za msitu, Rondo

Ndugu zangu, salaam. Kabla ya masika niliwauliza kama ipo njia ya kupata kipato kwa kuuacha msitu alioturithisha babu, ekari sita hapa Rondo mkoani Lindi wanakoishi komba wa Rondo, badala ya kuufyeka nilime ufuta kama jamaa wanavyonisihi.

Wengi mlinielekeza Kilwa, nami nilikwenda. Huko, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji vyenye misitu vilivyoihifadhi huvuna mpingo kwa kiasi kilichopangwa na mapato hubaki kijijini. Baadhi ya vijiji hivyo viliingia mwaka 2009 katika cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu. Lakini fedha hizo zinatokana na mbao, tena ni za kijiji kizima. Kwa mtu mmoja mwenye hati ya kimila, anayetaka kumlinda mnyama asiyeuzika, sikupata malipo yoyote. Costa Rica huwalipa wenye ardhi wanaotunza misitu, kwa sehemu kutokana na kodi ya mafuta, na natamani sana nasi tufike huko, kwa maana si haki gharama yote ya hifadhi imwelemee mkulima.

Mnyama mwenyewe ndiye huyo komba wa Rondo, anayepatikana Tanzania pekee. Juzi usiku nilimmulika: angeenea kiganjani mwangu, na mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa.

Nimetundika mizinga minane ya nyuki. Ufuta nitaupanda kwenye shamba la zamani la mihogo, na mjomba amekubali kusubiri misimu miwili.