Mjadala: Klabu za huduma zisomeshe wachache, au zimalizie hosteli za shule za kata?

Kamwene wadau. Nipo Kilolo, Iringa, na hili limenikaa rohoni.

Wiki iliyopita klabu moja ya huduma, aina ya Rotary au Lions, ilikuja kwenye shule yetu ya kata kukabidhi udhamini kwa wanafunzi wanne waliofanya vizuri: nauli, sare na vifaa vya kwenda navyo kidato cha tano. Nawashukuru kwa dhati. Lakini pembeni ya pale tulipokaa kuna boma la hosteli ya wasichana, nguvu za wananchi, limeishia kwenye lenta. Ndani yameota majani.

Mabinti ambao wangelala humo wamepanga vyumba mtaani. Wenyewe wanaita geto. Nimefika kwenye cha binti wa dada yangu: mlango unafungwa kwa kufuli la begi, jiko la mkaa liko hatua moja kutoka kwenye godoro, kiroba cha unga kimening'inizwa darini panya wasikifikie. Nyuma ya ukuta ni kilabu cha ulanzi. Yupo kidato cha pili. Ijumaa anapanda mlima kwenda nyumbani kufuata unga, Jumapili jioni anarudi. Unga ukiisha Jumatano, nani atampa, na atataka nini? Wengi tumewapoteza hivyo, kwa mimba au kwa kuitwa Dar kufanya kazi za ndani.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa hadi cha sita. Chakula, sare na chumba vimebaki kwa mzazi. Aliyefaulu kwenda cha tano ameshavuka mto. Huyu wa kidato cha pili bado yupo majini.

Mchangiaji, Mbeya mjini:
Dada, mimi ni mwanachama wa klabu ya aina hiyo. Watu wakisikia Rotary ilianzia Chicago 1905, na Lions hukohuko 1917, wanadhani tunaletewa fedha kutoka Marekani. Klabu zetu ni watu wachache wenye maduka na mishahara, tunachangishana. Bweni tuliwahi kujenga. Vitanda vikafika, matroni hakupatikana, wazazi hawakuleta mahindi, mwaka wa pili likawa stoo. Mtoto niliyemsomesha sasa ni muuguzi. Huyo namwona kwa macho yangu.

Mwanzisha mada:
Kaka, hilo la stoo limeniuma, na sikupingi. Kosa naliona kwenye mpangilio: jengo lilitangulia, mahindi yakaachwa ya baadaye. Huku ikifika Julai kila nyumba ina magunia. Mkutano wa kijiji ukubaliane kwanza debe ngapi kwa kila mtoto kwa muhula, muhtasari uandikwe kwa mtendaji, jina la matroni liwemo, ndipo klabu ilete bati la kwanza. Wasipokubaliana, msilete.

Na boma halianzi kwenye msingi. Letu limebakiza paa, milango na vitanda. Hata klabu ndogo ikiungana na nyingine inaweza kulimaliza kwa awamu.

Wa Njombe, Makete na Rungwe ambao hosteli zenu zinafanya kazi: matroni wenu analipwa na nani, na mzazi asiyeleta mahindi mnamfanyaje? Mkutano wetu ni Jumamosi, nataka niende na majibu.