Tuliovunjika uti wa mgongo, kibofu mnakihudumiaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima mbele. Niko Uyole, Mbeya, kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda. Ngazi na vyoo vyembamba tumeshavilalamikia vya kutosha, leo nataka habari za kibofu. Baridi ya Juni imekaza, na ikikaza hivi mtu hana hamu ya maji. Mkojo unakuwa rangi ya chai, siku si nyingi homa.

Mimi najitoa mkojo kwa mpira (ule mrija mwembamba wa kupitisha kwenye njia ya mkojo) kila baada ya saa 4 hadi 6, nikilenga usizidi nusu lita kwa mara moja. Kikijaa kupita kiasi mkojo unaweza kurudi juu hadi kwenye figo, na ule unaobaki ndani ndio unaolea vijidudu. Maji nayaweka kwenye chupa ya chai, nayanywa ya moto mchana kutwa, jioni napunguza. Nyie je?

*Mdau wa Mafinga*
Kamwene! Mimi niliumia shingo, vidole havishiki, kwa hiyo nina mpira wa kudumu na nesi hunibadilishia. Wanaonisukuma hupenda kunipakatisha mfuko wa mkojo ili usiburuzike. Nawakatalia, mfuko unakaa chini ya kibofu, basi.

Ila ninachotaka mkijue ni hiki. Siku moja kichwa kilianza kugonga ghafla, uso na shingo jasho tupu. Nyumbani wakasema malaria. Mdogo wangu akakagua mpira, kumbe umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha mkojo ukashuka na kichwa kikaachia. Daktari alinieleza baadaye kwamba tulioumia kuanzia pingili ya 6 ya uti wa mgongo sehemu ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa presha inaweza kupaa hadi kuleta kiharusi. Usilazwe chali! Kaa wima, legeza mkanda, kagua mpira. Isiposhuka, hospitali hapo hapo.

*Mama wa Tukuyu*
Poleni wanangu. Wangu alianguka kutoka kwenye mparachichi. Huku mkojo ukiwa na ukungu kidogo tu, duka la dawa wanakupa sipro, ile antibaiotiki, bila swali. Tulipopelekwa maabara kuuotesha mkojo waone vijidudu gani vimo, majibu yakaonyesha vijidudu vimeshazoea dawa, sipro ikiwemo. Daktari akasema anayetumia mpira hukutwa na vijidudu karibu wakati wote, na kama hana homa, hatetemeki, misuli haijazidi kukakamaa na havuji kuliko kawaida, hapewi antibaiotiki. Harufu peke yake si ugonjwa. Tena sampuli waichukue kwenye mpira mpya, wasichote kwenye mfuko.

*Dada wa Njombe*
Asante mama, hilo la mfuko nimewahi kubishana nalo maabara. Kwa wanawake wenzangu: mwanzoni nilijifunza kujiwekea mpira kwa kioo kidogo, sasa napapasa tu. Mikono naosha kwa sabuni kabla, hata kama natumia glovu. Kinachonishinda ni basi la Dar. Wengi hawanywi kitu tangu jana yake, wanafika wagonjwa. Mimi nanywa kidogo kidogo na naongea na kondakta kabla hatujaondoka, nikimwambia wazi kwamba basi likisimama nahitaji faragha, si kuchimba dawa porini.

*Mwanzisha mada*
Dada, umenena. Mama, nimekuelewa kuhusu harufu, maana hapo ndipo hela yangu inapoishia. Sasa mipira namba 14 ya kutumia mara moja kwa hapa Mbeya mjini mnaipata wapi kwa bei ya kueleweka?